Kufundisha Somo la Nishati ya Kupikia Katika Shule za Vijijini

Miongoni mwa mada ambazo mwalimu mwanafunzi huziona nyepesi anapopangiwa mazoezi ya kufundisha, mada ya nishati ya kupikia huenda ikawa ya kwanza. Haina hesabu ngumu, haidai maabara, na kila mtoto darasani amekwisha kuuona moto. Andalio la somo huandikwa kwa nusu saa. Ubaoni huchorwa safu mbili: upande mmoja kuni, mkaa na mafuta ya taa; upande wa pili gesi, biogesi na umeme. Juu ya safu ya kwanza huandikwa "chafu", na juu ya safu ya pili huandikwa "safi". Wanafunzi hunakili, hujibu maswali matano, hupata yote matano, na mwalimu huandika katika tathmini yake kwamba somo limeeleweka.

Nimekwisha kuyapitia maandalio mengi ya namna hiyo, wala sina haki ya kuyacheka, kwani la kwanza niliandika mwenyewe. Nilipokuwa mwanachuo nilipelekwa katika shule moja ya kijiji wilayani Kilosa, sehemu ambayo magunia ya mkaa hupangwa kando ya barabara kungojea malori. Nilifundisha darasa la tano safu zangu mbili, na kwa ari ya ujana nikaongeza kwamba anayepikia kuni anaipikia familia yake sumu. Kesho yake, kabla ya kengele ya mstari, mama mmoja alikuja akasimama mlangoni pa ofisi.

"Shikamoo, mama," nilimsalimu.

"Marahaba, mwalimu. Ndiwe uliyemwambia binti yangu kwamba ninawapikia sumu? Jana usiku mtoto hakula."

Sikuwa na la kujibu. Yule mama hakugomba. Alinieleza kwa utulivu kwamba gesi anaijua, na mtungi anao. Nduguye wa mjini alimletea. Uliisha baada ya majuma machache, na tangu hapo umekaa chini ya kitanda, maana wa kuujaza yuko mjini, na nauli ya kwenda na kurudi haikuwamo katika bei aliyotajiwa. Kuni zipo, anazifuata kwa miguu yake, na hazimdai shilingi. Kisha akaniuliza: "Na wewe mwalimu, huko kwako unapikia nini?" Nilikuwa ninapikia mkaa.

Kisa hiki ndicho kinachonifanya niwaandikie ninyi mnaojiandaa kwenda mazoezini. Mama yule hakukosa elimu. Alijua jambo nililolifundisha, tena alijua na mengine ambayo mimi sikuyajua. Kujua ni hatua moja na kutumia ni hatua nyingine, na baina yake kuna fedha, umbali, aina ya chakula, mazoea na amri ya nani ndani ya nyumba anayeshika mfuko. Somo linaloishia katika kujua halimfikishi mtoto popote. Pengine humfikisha pabaya, kama nilivyomfikisha yule binti aliyelala na njaa kwa sababu yangu.

Kabla ya kuzungumzia mbinu, yafaa mwalimu mwenyewe ayashike mambo kadhaa ya kisayansi, kwani watoto watauliza. Kuni zinapoungua vizuri, zikiwa kavu na zikipata hewa ya kutosha, hutoa joto, mvuke wa maji na kabonidioksaidi. Lakini juu ya mafiga matatu hazipati kuungua vizuri. Sehemu ya kuni hugeuka moshi kabla ya kuungua, na moshi huo ni mchanganyiko wa gesi na chembe ndogo mno. Chembe zinazotajwa sana na wataalamu ni zile zisizozidi maikromita 2.5 kwa upana. Ukichukua unywele mmoja wa kichwani, upana wake ni kama mara 30 ya upana wa chembe hiyo. Kwa udogo huo, pua na koo haviwezi kuizuia. Huingia mpaka ndani kabisa ya mapafu, na nyingine hupita zikaingia katika damu. Ndiyo maana madhara ya moshi hayakomei katika kikohozi na macho mekundu. Yamo pia magonjwa ya moyo, kiharusi, saratani ya mapafu, mtoto wa jicho, na kwa watoto wadogo kichomi, ambacho humshika kwa urahisi mtoto anayebebwa mgongoni wakati mama yake anakoroga ugali. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao milioni 3 hufariki dunia kabla ya wakati wao kila mwaka kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, na kwamba zaidi ya watu bilioni 2 bado wanapikia nishati zinazotoa moshi wa namna hiyo.

Mkaa unahitaji maelezo ya pekee, kwa kuwa hapa ndipo walimu wengi wanapoteleza. Mkaa hautoi moshi mwingi unaoonekana, hivyo mtoto akiuweka katika safu ya safi atakuwa amefikiri kwa kufuata macho yake. Ukweli ni kwamba mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu na kuizuia isichukue oksijeni. Mtu aliyelala katika chumba kilichofungwa, jiko la mkaa likiwa ndani kwa ajili ya joto, anaweza asiamke. Jambo hili lazima lifundishwe katika kila shule ya nyanda za baridi, hata kama hutapata nafasi ya kufundisha lingine lolote katika mada hii. Kadhalika mkaa huja na deni la msitu: katika matanuri ya udongo ya kienyeji, kilo moja ya mkaa huweza kula kilo 5 hadi 10 za miti. Mafuta ya taa nayo yasisifiwe. Tangu mwaka 2014 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani umeshauri yasitumike majumbani.

Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini sakafuni na kujikusanya pembeni. Kwa asili haina harufu kali. Ile harufu mbaya tuijuayo huongezwa makusudi ili mvujo utambulike. Akisikia harufu hiyo, mtoto afungue mlango, asiwashe kiberiti, asibonyeze swichi yoyote, atoke nje na kumwita mtu mzima. Biogesi ni jambo jingine: ni methani itokanayo na samadi inayooza mahali pasipo hewa. Mtambo mdogo wa nyumbani huhitaji ng'ombe wasiopungua wawili wanaofungwa zizini, na samadi huchanganywa kila siku na maji ya kiasi kilekile. Shirika la CAMARTEC lililoko Arusha limeieneza mitambo hii tangu miaka ya 1980, na mabaki yake ni mbolea nzuri ya migomba. Lakini mwalimu aliye katika kijiji ambacho ng'ombe huchungwa mbali, na ndoo ya maji hufuatwa mwendo wa saa nzima, atatambua mwenyewe kwamba biogesi hapo ni habari ya kusomwa kitabuni tu. Kuhusu umeme, nguzo zimefika katika vijiji vingi mno tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, ingawa nguzo kupita mbele ya nyumba si sawa na waya kuingia ndani. Palipo na umeme, sufuria ya umeme ya presha hupika maharage kwa chini ya uniti moja. Wengi hawaamini mpaka waone mita kwa macho yao.

Sasa tuje darasani. Kosa la kwanza la kuepuka ni swali ambalo kila mwalimu mgeni huwa nalo ulimini: "Nani nyumbani kwao wanatumia gesi? Anyoshe mkono." Kwa swali hilo umekwisha kuligawa darasa katika matajiri na maskini, na yule aliyeweka mkono chini hatakuwa tena na hamu ya kusikia linalofuata. Badala yake, siku tatu kabla ya somo, wape wanafunzi kazi ya kuchunguza jiko la nyumbani na kujaza jedwali dogo: moto uliwashwa saa ngapi, kilipikwa nini, kwa nishati gani, na kiliiva baada ya muda gani. Karatasi zisiandikwe majina. Zitumbukizwe katika boksi, na mwalimu azichanganye kabla ya kuzisoma. Wavulana wajaze sawasawa na wasichana. Katika darasa moja nililolikagua, wavulana kadhaa walirudisha karatasi tupu wakidai kwamba hawajui chochote cha jikoni, ilhali kila jioni wanakula. Mwalimu mwanafunzi alitaka kuwasamehe. Nilimshauri awape siku tatu nyingine.

Zana za majaribio hazina gharama. Chukua sahani nyeupe ya udongo na uishike kwa muda mfupi juu ya mwali wa kibatari. Kisha isafishe, uishike juu ya mwali wa taa ya spiriti. Watoto wataona tofauti ya masizi kabla hujasema neno. Halafu ishike juu ya makaa yaliyokolea. Haitapata masizi, na mtoto mmoja hakosi kusema: "Basi mkaa ni safi!" Usimkemee. Hilo ndilo jibu ulilokuwa unalingoja, na sasa unayo nafasi ya kuwaeleza habari ya gesi isiyoonekana, wakati ambapo masikio yote yako wazi. Jaribio hili lifanyike nje ya darasa, mwalimu mwenyewe akiishika sahani kwa koleo.

Jaribio la pili ndilo ninalolipenda zaidi, kwani huligusa jiko la kuni lenyewe. Panga mafiga mahali pawili uwanjani. Kwa kwanza uyaache wazi kama kawaida. Kwa pili uyazungushie ukuta mfupi wa udongo au matofali, ukiacha mlango wa kuni na nafasi ya moshi kutoka. Weka sufuria mbili zinazolingana, kila moja ikiwa na lita mbili za maji. Pima kuni kwa mizani kabla ya kuwasha, na pima zilizobaki baada ya maji kuchemka. Kama shule haina mizani, kata vijiti vya urefu mmoja na unene mmoja, watoto wavihesabu. Rudia siku nyingine kwa kuni mbichi, na tena kwa sufuria isiyo na mfuniko. Katika mafiga yaliyo wazi, kati ya kila sehemu 10 za joto la kuni, moja au mbili tu ndizo huingia katika chungu. Zilizobaki huenda na upepo. Mtoto akilijua hilo kwa kuhesabu vijiti vyake mwenyewe, ana jambo la kumweleza mama yake ambalo halimdai mama fedha: kuni zikaushwe, sufuria ifunikwe, maharage yalowekwe tangu jana yake. Wapo watakaosema kwamba magadi hufanya kazi hiyo upesi zaidi. Ni kweli huharakisha, ila huharibu baadhi ya vitamini, na mjadala wake unastahili kipindi chake.

Huenda msomaji akauliza: Je, kufundisha namna ya kupunguza kuni si kukata tamaa ya nishati safi? Nami nilifikiri hivyo zamani. Lakini kaya nyingi haziruki kutoka kwenye mafiga hadi kwenye gesi kwa siku moja. Huchanganya. Chai ya asubuhi huchemshwa kwa gesi kwa kuwa watoto wanachelewa shule. Makande hupikiwa kuni kwa kuwa huchukua saa tatu. Mkaa hutumika mvua inaponyesha. Tena moshi una kazi nyingine ambayo vitabu vyetu haviitaji: hufukuza fukusi katika mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa juu ya meko, na hukinga makuti na nyasi za paa zisiliwe na wadudu. Mama anayeambiwa auondoe moshi huanza kuiwaza mbegu yake. Mwalimu asiyelijua jambo hili atamwona mama huyo kuwa mkaidi.

Hesabu ya gharama iingizwe katika kipindi cha Hisabati, si katika Sayansi, ili ipate muda wake. Wanafunzi waulize bei katika duka la karibu: kopo la mkaa ni kiasi gani, mtungi wa kilo 6 hujazwa kwa kiasi gani, na nauli ya kuufikisha ni kiasi gani. Mwalimu asilete bei za mjini alikotoka. Wakizidisha bei ya kopo kwa siku 30, mara nyingi watashangaa kuona jumla ilivyokaribia bei ya kujaza mtungi, au hata kuipita. Hapo uwaulize kwa nini basi mtu hununua kopo. Watoto wa wakulima hujibu haraka kuliko wanachuo: fedha ya kopo hupatikana leo, fedha ya mtungi hupatikana msimu wa mavuno. Kwa kaya zinazookota kuni, hesabu ya shilingi haitoi kitu. Hapo hesabuni saa. Safari moja huchukua muda gani, ni safari ngapi kwa juma, na ni nani anayekwenda? Jibu la swali la mwisho liachwe ubaoni kwa muda bila maelezo.

Kuna jambo moja ambalo mwalimu mwanafunzi huliogopa, na afadhali ajiandae nalo. Shule nyingi hupika uji au makande kwa kuni, na katika baadhi yake wanafunzi ndio wanaozileta, kila mmoja na kipande chake kwa siku iliyopangwa. Ukifundisha nishati safi Alhamisi, na Ijumaa watoto wakaja na kuni kichwani kwa amri ya shule, mwanafunzi mwenye akili atakuuliza. Usimnyamazishe, wala usiutukane uongozi wa shule mbele ya watoto. Mweleze ukweli: kwamba Serikali imekwisha kuziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, kwamba Mkakati wa Taifa uliozinduliwa Mei 2024 umeweka shabaha ya asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na kwamba kati ya agizo na jiko jipya kuna fedha ya kutafutwa. Kisha mwombe mwalimu mkuu ruhusa ili darasa lipime kuni zinazotumika jikoni kwa juma moja. Walimu wakuu wawili niliowaomba walikubali. Mmoja wao aliichukua karatasi ya watoto akaenda nayo katika kikao cha kamati ya shule, na kilichoamuliwa pale kilikuwa ni kujenga jiko la matofali lenye dohani. Si gesi, lakini mpishi aliacha kutokwa na machozi.

Kuhusu lugha, liepukeni neno "sumu" nililolitumia mimi, na neno "chafu" lisimwangukie mtu. Linaweza kuusema moshi, lisimseme mpishi. Mnapotaka mfano wa nyumba, tungeni kaya ya kubuni yenye baba, mama, bibi na watoto watatu, mwipe ng'ombe au muwanyime, mwipe umeme au muunyime, kisha wanafunzi waishauri kwa makundi. Mtoto aliye na aibu ya jiko la kwao ataizungumzia kaya ile kwa uhuru, na mara nyingi atakuwa anaizungumzia ya kwao.

Tathmini nayo ibadilike. Swali la "Taja nishati tatu safi" hupima kumbukumbu tu. Jaribuni swali kama hili: Bibi Mwanaidi ana mtungi wa gesi uliobakia kidogo, kuni kavu, na maharage kilo moja ya kupika kwa ajili ya wageni wa kesho. Mshauri atumie nini kwa kazi ipi, na useme sababu. Jibu haliwi moja, na kulisahihisha kunachosha. Mwaka jana mwanachuo mmoja aliniletea daftari la msichana wa darasa la sita aliyeandika kwamba Bibi Mwanaidi aloweke maharage usiku, ayapikie kuni nje ya nyumba asubuhi na mapema, na gesi aiweke kwa ajili ya chai ya wageni, "kwa sababu wageni wakifika hawapendi kungoja, na bibi akiwa nje mtoto wa mgongoni havuti moshi." Mwanachuo alikuwa ameweka alama ya mkasi kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa kuni ziko katika safu ya nishati chafu. Tulikaa chini ya mwembe wa shule tukalisoma jibu lile pamoja mara ya pili, naye akaniomba kalamu yangu.